Katalogi za maonyesho ya washairi waliooana: cha kukagua kabla ya kulipa

Washairi wawili wakikaa nyumba moja, karatasi zao huchanganyika, wakishafariki, hugawanywa. Miswada mingi ya Sylvia Plath iko Smith College, Massachusetts, na mingine Indiana University. Nyaraka za mumewe, Ted Hughes, zilichukuliwa na Emory University, Atlanta, mwaka 1997. Sasa, kila mmoja aliandika mgongoni mwa karatasi za mwenzake, kwa hiyo maktaba ya mke ina maandishi ya mume, na ya mume ina ya mke. Ndiyo maana naipa nafasi ya kwanza katalogi ya maonyesho ya Grolier Club, klabu ya wapenda vitabu ya New York, ya 2005, "No Other Appetite". Iliandaliwa na Karen Kukil wa Smith pamoja na Stephen Enniss wa Emory, yaani pande zote mbili zilikaa meza moja.

Ukishika katalogi ya aina hii, picha ziache kwanza. Soma maelezo ya kitu kimojakimoja. Maelezo mazuri hutaja idadi ya karatasi, kama ni mwandiko wa mkono au taipu, tarehe, mmiliki, na kilichoandikwa upande wa nyuma. Yakiishia "mswada wa shairi", umenunua albamu ya picha tu.

Kwa Robert Browning na Elizabeth Barrett, waliofunga ndoa London tarehe 12 Septemba 1846, katalogi ya kutafuta ni ya mnada: Sotheby's, Mei 1913. Mtoto wao wa pekee alikuwa amefariki 1912 bila kuacha wosia, na mali ya nyumba nzima ikatawanyika. Hapa nakala iliyochorwachorwa ndiyo bora: bei na majina ya wanunuzi yaliyoandikwa pembeni siku ya mnada yanaonyesha kila kitu kilielekea wapi. Usiyafute kamwe.

Katalogi za Browning zilizotoka kabla ya 1934 zisome kwa tahadhari zikitaja kijitabu cha soneti (mashairi ya mistari 14) za Elizabeth kilichoandikwa "Reading, 1847", yaani kimechapwa mjini Reading, Uingereza. Mwaka huo wa 1934 John Carter na Graham Pollard walithibitisha kuwa kijitabu hicho ni cha kughushi. Karatasi yake ina massa ya mbao yaliyotengenezwa kwa kemikali, ambayo mwaka 1847 hayakuwa yakitumika.

Mwombe muuzaji picha za mgongo wa katalogi (pale kurasa zinapofungwa), ukurasa wa taarifa za uchapaji na jalada la nyuma. Muulize pia kuhusu vipande vilivyolegea: mwaliko, karatasi ya masahihisho, orodha ya vitu. Hivyo ndivyo hupotea kwanza.

Katalogi nyembamba hufungwa kwa pini za stepla, na kwa hewa ya Mombasa au Unguja kutu hula karatasi kwenye kunjo. Fungua kurasa za katikati, inua miguu ya pini kwa kisu butu, ivute kutokea nje, kisha shona kwa uzi wa pamba ukipitia matundu yaleyale.

Karatasi ya kung'aa imepakwa udongo mweupe. Ikilowa, tenganisha kurasa kabla hazijakauka. Zikikauka zimegandana, ukizivuta wino hung'oka. Tumia mfuko wa polyester, si wa plastiki ya PVC, ambayo hutoa asidi na kunata kwenye wino. Unyevu wa hewa ukizidi asilimia 65 kwa muda mrefu, ukungu huota.