Kifaransa ni lugha rasmi wapi? Naomba ile ramani ipumzike

Jumanne asubuhi, hata madirisha sijafungua, kijana mmoja alipiga hodi kwenye ofisi yangu ya tafsiri hapa karibu na bandari ya Mtwara, bahasha ya kaki kwapani. "Shikamoo mwalimu." Nikaitikia. Amepata mnunuzi wa mbaazi Morisi. Ndani ya bahasha mlikuwa na mkataba pamoja na tafsiri yake ya Kifaransa iliyogongwa muhuri, ambayo mtu fulani alimtoza shilingi elfu themanini. Alitaka niipitie tu kidogo, nimwambie kama iko sawa.

Nilisoma ukurasa wa kwanza nikaiweka mezani. Mbaazi zimeitwa "petits pois", yaani njegere, wakati mbaazi ni "pois d'Angole". Mnunuzi angesubiri njegere. Lakini hilo linarekebishika kwa kalamu. Kilichoniudhi ni jibu lake nilipomuuliza nani aliyemwambia mkataba uwe wa Kifaransa.

"Kwani mwalimu, Morisi lugha rasmi si Kifaransa?" Akatoa simu, akanionyesha ramani.

Ramani hiyo naijua. Inazunguka kwenye makundi ya WhatsApp, na mwaka huu pekee nimeshaonyeshwa mara nyingi mno. Nchi zimepakwa bluu, juu imeandikwa kwamba hizo ndizo nchi ambazo Kifaransa ni lugha rasmi. Misri ya bluu. Vietnam ya bluu. Romania na Bulgaria, bluu. Na hapa chini yetu, ng'ambo ya Ruvuma, Msumbiji imepakwa bluu iliyopauka.

Msumbiji! Watu wa Mtwara tunavuka Kilambo tukitafuta biashara, tuna shangazi na wajomba kule, Kimakonde kinatoka ukingo huu hadi ule. Nani kati yetu aliwahi kukuta kibao cha Kifaransa Palma au Mocímboa da Praia? Afisa wa kule anakugongea paspoti kwa Kireno. Mtu anayeishi mpakani anaamini ramani ya simu kuliko macho yake, na hapo ndipo uvumilivu wangu unapokwisha.

Ile ni ramani ya OIF, jumuiya ya kimataifa ya Kifaransa. Mizizi yake ni mkataba uliosainiwa Niamey tarehe 20 Machi 1970. Nchi huingia OIF kwa siasa, kwa biashara, kwa nafasi za masomo, kwa historia. Misri imo, na Katibu Mkuu wa kwanza wa OIF, Boutros Boutros-Ghali, alikuwa Mmisri, lakini lugha rasmi ya Misri ni Kiarabu. Msumbiji ni mwangalizi tu, ndiyo maana bluu yake imepauka. Aljeria, ambako Kifaransa utakisikia sokoni, hospitalini na redioni, haimo kabisa. Basi ramani hiyo inakuambia nani anakaa kwenye mkutano gani. Lugha ya hati yako haimo.

Kosa la pili ni ndugu wa hilo: "Mfaransa alitawala pale, kwa hiyo Kifaransa ni rasmi." Aljeria ilitawaliwa tangu 1830 hadi 1962, na lugha zake rasmi ni Kiarabu na, tangu 2016, Kitamazighti, lugha ya Waberberi. Moroko vivyo hivyo, Kitamazighti kikiingia katika katiba ya 2011. Tunisia ni Kiarabu. Mauritania ni Kiarabu. Wakati huohuo, ukiingia benki ya Casablanca fomu yenye Kifaransa inakusubiri. Neno "rasmi" ni la sheria, na matumizi ni mambo mengine. Mara zinakwenda pamoja, mara zinapishana.

Sasa Morisi, maana huyu kijana ananihusu, na Morisi ndiyo inayowapoteza wengi.

Kwanza niseme kitu ambacho watu wa Lindi na Mtwara tungepaswa kukijua kabla ya mtu yeyote. Mwaka 1776 mfanyabiashara Mfaransa aitwaye Morice alifunga mkataba na Sultani wa Kilwa wa kuuziwa watumwa 1,000 kila mwaka, kwa piastre 20 (sarafu ya wakati huo) kwa kichwa, kwenda Île de France. Île de France ndiyo Morisi ya leo. Watu waliotembezwa kutoka bara hadi Kilwa walipakiwa merikebuni wakapelekwa kulima na kujenga kule, na katika vinywa vya watu kama hao, kutoka pwani yetu, Msumbiji na Madagaska, kikakua Krioli cha Morisi, lugha ya mchanganyiko yenye msingi wa Kifaransa. Sipendi kuzungumzia lugha ya kisiwa kile kana kwamba ni habari ya Paris peke yake. Sisi tumo ndani yake, na kwa njia ya uchungu.

Mwaka 1810 Waingereza wakakiteka kisiwa. Masharti ya kusalimu amri yaliwaachia wenyeji dini yao, sheria zao na desturi zao. Hapo ndipo fumbo lilipofungwa. Mtawala akawa Mwingereza, walowezi wakabaki na Kifaransa chao, na umma ukabaki na Krioli. Hadi leo katiba yao ya 1968 inasema lugha rasmi ya Bunge ni Kiingereza, ila mbunge anaruhusiwa kumhutubia Spika kwa Kifaransa. Soma tena taratibu: lugha rasmi ya Bunge. Hakuna kifungu kinachotaja lugha rasmi ya nchi nzima. Mahakama Kuu inaendeshwa kwa Kiingereza. Sheria zinaandikwa kwa Kiingereza, isipokuwa chache kama Kanuni ya Madai, iliyotokana na ile ya Napoléon, ambayo bado iko kwa Kifaransa. Magazeti mengi ni ya Kifaransa. Nyumbani watu wengi wanaongea Krioli.

Kwa hiyo mtu akiniuliza kama Kifaransa ni rasmi Morisi, namuuliza: kwa kazi gani? Mkataba wa kuuza mbaazi na kampuni ya Port Louis unakubalika kwa Kiingereza bila mtu kukunja uso. Ule elfu themanini ulikwenda bure, na mimi nakasirika kwa niaba yake, kwa sababu ni pesa ya mtu aliyepalilia kwa jembe la mkono.

Swali hilo hilo, kwa kazi gani, ndilo ninaloishi nalo kila boti ya Komoro inapofunga gati hapa kupakia saruji na vyakula. Komoro ina lugha rasmi tatu katika katiba: Shikomori, Kifaransa na Kiarabu. Ukishika noti ya faranga ya Komoro, upande mmoja ni Kiarabu, mwingine Kifaransa. Cheti cha kuzaliwa kutoka Moroni kinakuja na kichwa cha "Union des Comores". Hati ya shehena, Kifaransa. Cheti cha kuhitimu Kurani msikitini, Kiarabu. Na nahodha mwenyewe anaongea nami Shingazija, yaani Shikomori cha kisiwa cha Ngazija, namwelewa nusu kwa Kiswahili changu. Nikimpa karatasi zake ananiambia "marahaba", nami kila mara nusura nishtuke, kwa sababu kwetu marahaba ni ya kumwitikia anayekuamkia, kwake ni asante.

Ukitoka hapo ukaenda Mayotte, watu ni walewale, koo ni zilezile, Shimaore, lugha ya pale, ni ndugu wa Shingazija. Lakini Mayotte ilibaki na Ufaransa wakati visiwa vitatu vilipojitangazia uhuru mwaka 1975, na mwaka 2011 ikawa mkoa kamili wa Ufaransa. Pale lugha rasmi ni moja tu. Nimewahi kuweka mezani vyeti viwili vya ndugu wa baba mmoja, mmoja amezaliwa Nzuani, kisiwa cha Komoro, mwingine Mayotte. Cha kwanza kina Kifaransa na Kiarabu. Cha pili kina "République française" juu, na hakuna herufi hata moja ya Kiarabu. Kazi yangu ikawa kumweleza mama yao kwa nini afisa wa upande wa pili hatajali maandishi ya Kiarabu. Hakuna ramani ya bluu inayoonyesha tofauti hiyo. Visiwa vyote vinne vina rangi moja.

Na mambo yanabadilika. Mali, katika katiba ya 2023, iliifanya lugha ya kazi iwe Kifaransa na ikazipa lugha zake za taifa hadhi ya rasmi. Burkina Faso ikafuata njia hiyo hiyo. Niger, mwaka 2025, ikatangaza Kihausa lugha ya taifa, Kifaransa na Kiingereza lugha za kazi. Kuna wanaoshangilia mitandaoni kwamba Kifaransa kimefukuzwa. Jamani, lugha ya kazi ndiyo lugha ya faili. Mtu wa Bamako akiniletea hati leo, itakuwa Kifaransa kama jana. Siwadharau waliofanya hivyo, uamuzi wa kukipa Kibambara, lugha kubwa ya Mali, heshima ya sheria ni mkubwa na ninauunga mkono kwa moyo wote. Ila mfasiri anaangalia karatasi.

Majirani na walio mbali, kwa haraka: Burundi ni Kirundi, Kifaransa na Kiingereza. Rwanda ina nne, Kiswahili kikiwa cha mwisho kuingia, mwaka 2017, na shule zake zilishahamia Kiingereza tangu 2008. Kongo ya Kinshasa ina Kifaransa peke yake kama lugha rasmi, Kiswahili kikiwa kati ya lugha nne za taifa. Kanada ina mbili kwa sheria ya 1969, lakini Quebec kwa sheria zake ina Kifaransa tu. Uswisi, Ubelgiji, Luxembourg: kila moja inagawa lugha kwa eneo au kwa kazi. Ufaransa yenyewe iliandika kwenye katiba kwamba lugha ya Jamhuri ni Kifaransa mwaka 1992 tu, ingawa amri ya mfalme ya Villers-Cotterêts ya kutumia Kifaransa mahakamani ni ya 1539.

Kuna pia taasisi. Ukienda Posta kutuma barua nje, ile karatasi ya bluu ya "Par avion" haikuletwa na mkoloni yeyote wa hapa. Lugha rasmi ya Umoja wa Posta Duniani ni Kifaransa.

Wanafunzi wangu wa zamani walipenda kuniuliza namba: nchi ngapi? Vitabu vilizoea kusema 29. Ukiondoa Mali, Burkina Faso na Niger unabaki na 26. Lakini hata ile 29 sijawahi kuiamini sawasawa. Ndani yake imo Shelisheli, ambayo katiba yake inataja Krioli, Kiingereza na Kifaransa kuwa lugha za taifa, neno "rasmi" halimo kwenye kifungu hicho. Imo Luxembourg, ambayo sheria yake ya 1984 inasema sheria ziandikwe kwa Kifaransa, kisha inaruhusu lugha tatu ofisini na mahakamani. Nikiwa darasani nilifundisha 29 kwa sababu mtihani ulitaka namba. Sikuwa na amani nayo.

Na ukitaka kuona jinsi neno "rasmi" linavyoteleza, usiende mbali. Fungua Katiba yetu ya 1977 utafute kifungu kinachosema Kiswahili ni lugha rasmi ya Tanzania. Hutakiona. Sheria ya kukifanya Kiswahili lugha ya sheria na mahakama ilikuja 2021. Je, kabla ya hapo Kiswahili hakikuwa rasmi? Mtu wa Newala aliyehukumiwa mahakama ya mwanzo kwa Kiswahili angekucheka. Mimi mwenyewe sina jibu moja la swali hilo. Jibu langu linategemea nani anauliza na anataka kugongewa muhuri wapi.

Nilimwomba kijana anisomee barua pepe ya mnunuzi. Akaifungua. Kiingereza chote, kuanzia bei ya tani hadi unyevu wa mbaazi, isipokuwa neno la mwisho juu ya jina: "Cordialement". Tukaketi, tukarekebisha mkataba wa Kiingereza, tukaandika majibu. Alipofika mwisho wa barua akasita, akaniuliza kama na yeye anaweza kuweka lile neno la Kifaransa, ili mzee wa kule aone ameheshimiwa. Nikamwandikia kwenye karatasi, herufi kwa herufi, akalinakili kwenye simu. Hilo sikumtoza.