Wayland Flowers na Madame: midomo iliyoachwa wazi

Wayland Flowers, mchezeshaji wa vikaragosi wa Marekani, akitajwa, wengi husema alijificha nyuma ya kikaragosi. Anayeijua kazi hii ya mikono hawezi kukubali.

Flowers alizaliwa Dawson, Georgia, mwaka 1939. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 alionekana kwenye televisheni za Marekani akiwa na Madame, bibi kizee mwenye kidevu kilichochongoka, pua ndefu, gauni la kumetameta na mdomo usio na haya. Hakuficha kwamba alipenda wanaume, na hizo hazikuwa zama za kusema hivyo. Hadi 1973 chama cha madaktari wa akili wa Marekani kilihesabu mapenzi hayo kuwa ugonjwa. Kwao Georgia yalikuwa jinai, na mwaka 1986 Mahakama ya Juu ya nchi iliikubali sheria hiyo.

Madame ni kikaragosi wa vijiti. Mkono mmoja wa mchezeshaji hubeba kichwa na kufungua kinywa, mwingine hushika vijiti viwili vinavyoendesha mikono ya kikaragosi. Wanafunzi hukwama hapo. Ukivikamata kwa ngumi, mikono yote miwili inakwenda pamoja kama ya mtu anayepiga makasia. Kimoja kishike kwa gumba na kidole cha shahada, kingine kikae kati ya cha kati na cha pete, ili kimoja kitulie wakati kingine kinatembea.

Kinywa hufunguka silabi inapotoka. Anayeanza hukifunga wakati huohuo, na kikaragosi anaonekana kama anayatafuna maneno. Kwa Kiswahili kazi ni nzito zaidi, maana silabi zetu karibu zote huishia kwa irabu: "hawajaniambia" peke yake ina mapigo saba, na ukiyafuata yote kinywa kinatetemeka tu. Fungua kikamilifu penye mkazo, kwingine nusu. Halafu angalia bega lako. Likichoka, kichwa kinashuka, macho ya kikaragosi yanaangukia sakafuni, na watu wanadhani amesinzia.

Sasa midomo ya Flowers mwenyewe. Hakujifanya kusema bila kuitikisa. Jukwaani alisimama kando ya Madame, uso wake ukionekana, midomo ikienda waziwazi, na bado watu walimtazama Madame. Siri ilikuwa macho. Mtazamaji hufuata macho ya aliye mbele yake: Flowers alimtazama Madame, Madame akawatazama watu. Ukiwatazama watu wewe wakati kikaragosi anasema, umemnyang'anya maneno. Na zamu yako ikifika, mgeuzie kichwa kwako, kinywa kimefungwa, lakini mwache apumue kidogo. Akikaa tuli kabisa anarudi kuwa kitambaa.

Ndiyo maana naona neno "alijificha" linamdhulumu. Utani juu ya wanaume, ule wenye maana mbili, televisheni iliupokea kwa sababu umetoka kwa bibi kizee. Lakini aliyeutamka alikuwa palepale pembeni, anaonekana.

Madame alikaa hadi kwenye kisanduku cha katikati cha Hollywood Squares, mchezo wa maswali wenye visanduku tisa vya watu mashuhuri, baada ya mchekeshaji Paul Lynde kukiacha. Alichekesha pia kwenye Solid Gold, kipindi cha muziki. Mwaka 1982 akapewa kipindi chake, Madame's Place, na humo Flowers hakuonekana kwenye picha. Kwa ufundi ni kazi safi. Kwangu mimi, hata hivyo, kilipungua kile kilichoifanya iwe yake: watu wawili, pumzi moja.

Septemba 1988 Flowers alianguka jukwaani. Tarehe 11 Oktoba alifariki akiwa na miaka 48, kwa saratani iliyotokana na UKIMWI. Siku hiyohiyo Wamarekani waliadhimisha kwa mara ya kwanza siku ya watu kama yeye kujitokeza na kusema wao ni nani.