Burundi Ilipiga Kura Kwanza, Vita Vikaja Baadaye

Tulipomaliza semina ya elimu ya uraia pale Kirumba, mama mmoja anayeuza dagaa Mwaloni alinisubiri mlangoni. "Mwalimu, hawa jirani zetu wa Burundi walishindwa nini? Si wangepiga kura tu, yakaisha?"

Burundi ilianza na kura, mama. Juni 1993 Melchior Ndadaye, Mhutu, alimshinda Rais Pierre Buyoya, Mtutsi, na chama chake cha FRODEBU kikapata viti 65 kati ya 81 vya Bunge. Buyoya alikubali matokeo. Jeshi ndilo lililobaki vilevile, maofisa wake karibu wote Watutsi, kabila la wachache mbele ya Wahutu walio wengi, na Oktoba 21 wanajeshi wakamuua rais asiyefikisha hata miezi minne Ikulu. Vita vilivyofuata vilikatisha maisha ya watu wapatao 300,000.

Aliyeshinda kura hakuwa na bunduki, na mwenye bunduki aliamini kuwa akishindwa kwenye sanduku, yeye na ukoo wake wamekwisha. Hofu hiyo ilikuwa na makaburi pande zote. Mwaka 1972 jeshi liliua Wahutu kwa makumi ya maelfu, likianza na wasomi. Na Ndadaye alipouawa, familia za Watutsi vijijini zilichinjwa kwa kisasi.

Mwalimu Nyerere aliziita pande hizo hapa hapa Mwanza mwaka 1996. Hazikuafikiana, na Julai Buyoya akarudi kwa mapinduzi. Mazungumzo yakaanza upya Arusha 1998. Mwalimu akafariki 1999, Nelson Mandela akayapokea, na Agosti 28, 2000 mkataba wa amani ukasainiwa.

Mkataba ule, pamoja na katiba ya 2005 iliyotokana nao, uliijibu hofu kwa hesabu. Serikalini na bungeni Wahutu wasizidi asilimia 60, Watutsi 40. Hata karatasi ya wagombea ilipangiwa utaratibu: katika kila majina matatu yanayofuatana kwenye orodha ya chama, ya kabila moja yasizidi mawili, na katika kila wanne awemo mwanamke mmoja. Na jeshini, kabila lolote lisizidi nusu. Kwangu mimi kifungu hiki cha jeshi ndicho kilichobeba vingine vyote. Wapo wanaosema hesabu za namna hii zinaupa ukabila uhai, na wana hoja. Lakini mtu anayelala porini akiogopa askari hawezi kuambiwa asubiri mpaka ukabila uishe.

Saini haikunyamazisha bunduki. Waasi wa Kihutu wa CNDD-FDD walikubali amani 2003, wakashinda uchaguzi wa 2005. Kundi jingine la waasi wa Kihutu, FNL, liliweka silaha chini 2009.

Kisha 2015 Rais Pierre Nkurunziza wa CNDD-FDD akang'ang'ania muhula wa tatu, na watu zaidi ya 400,000 wakakimbia nchi, wengi wakiingia kwetu Kigoma. Ulikuwa mwaka mchungu. Hata hivyo, waliojaribu kumpindua na waliomlinda, kote walikuwamo Wahutu na Watutsi. Jeshi halikupasuka kwa kabila kama 1993.

Mama alisikiliza mpaka mwisho, akauliza tena: "Na waliomuua yule rais?"

Nilimweleza kwamba mahakama maalumu iliyotarajiwa tangu Arusha haijaundwa. Oktoba 2020 mahakama ya Burundi ilimhukumu Buyoya kifungo cha maisha kwa mauaji hayo, akiwa nje ya nchi. Alikanusha. Desemba mwaka huohuo akafariki.