Maana ya ulimbwende, na kwa nini Ophelia hafai kwenye kadi ya harusi

Majuzi niliingizwa kwenye kundi la maandalizi ya harusi ya ndugu. Siku ya pili ikatumwa kadi ya mchango: majina ya maharusi kwa herufi za dhahabu, namba ya kutuma pesa, na nyuma ya maandishi picha ya zamani ya mwanamke kwenye maji, mkono mmoja umeshika tawi, mwingine umekumbatia maua kifuani. Chini yake katibu akaandika: "Nimewatafutia picha ya kimapenzi, zile za Ulaya za kiromantiki zenyewe." Watu wakamwaga makopa. Mimi nikabaki naitazama simu, maana yule mwanamke anazama.

Maana yenyewe haina safari ndefu. Ulimbwende ni mkondo wa fasihi, uchoraji na muziki ulioshamiri Ulaya kuanzia mwishoni mwa karne ya 18 hadi katikati ya karne ya 19. Wenyewe walitanguliza hisia, ubunifu wa mtu binafsi, maumbile ya asili, ndoto na hata wazimu, wakaziweka nyuma kanuni za jadi za sanaa. Basi. Kazi iko kwenye jina.

Jina la Kizungu la mkondo huo, romantic, ndilo lile "kiromantiki" la katibu, kule lilikotoka halikuanzia moyoni, lilianzia Roma. Kilatini kilikuwa na neno romanice, yaani kusema kwa namna ya Kirumi. Baadaye likaja kumaanisha kusema kwa lugha ya watu wa kawaida iliyochipuka kutoka Kilatini, si kwa Kilatini chenyewe cha mapadri na wasomi. Wafaransa wa kale wakaiita lugha hiyo romanz, kisha wakaiita hivyo hadithi yoyote iliyotungwa kwa lugha hiyo. Ndiyo sababu mpaka leo Mfaransa riwaya anaiita roman, hata kama ni ya wizi wa benki na haina busu hata moja.

Hadithi hizo za kale zilijaa wapiganaji wa farasi, mazimwi, misitu yenye giza, ngome, viapo, na ndiyo, mabinti waliopendwa. Karne ya 17 Waingereza wakalitumia neno kwa chochote kilichofanana na hadithi hizo: gofu lililoota majani, bonde lenye ukungu. Mwaka 1798 mwandishi Friedrich Schlegel na wenzake huko Ujerumani, katika jarida lao la Athenaeum, wakaliinua likawa bendera ya ushairi mpya. Katika safari yote hiyo mapenzi yalikuwa mgeni tu ndani ya hadithi. Siku ya tatu, badala ya kupewa jembe, yakakabidhiwa nyumba.

Sisi tukaongeza mtego wetu. Wataalamu wa fasihi ya Kiswahili walipohitaji neno, wengi walichukua ulimbwende; wengine huandika urumansi. Sasa, mlimbwende mtaani ni mtu mtanashati, aliyejipamba na anajua kwamba amependeza, na magazeti yetu huwaita walimbwende mabinti wa mashindano ya urembo. Kwa hiyo mwanafunzi akisikia "nadharia ya ulimbwende" anafikiria vipodozi, na akisikia lile neno la kigeni anafikiria mahaba. Dhana imebanwa huku na huku. Sisemi neno libadilishwe. Kaa wa pwani na kaa la moto wameishi pamoja miaka yote na hakuna aliyetia wa pwani kwenye jiko la chai.

Turudi kwenye picha. Ni Kifo cha Ophelia, rangi za mafuta juu ya turubai, kazi ya Mfaransa Eugène Delacroix. Aliichora zaidi ya mara moja: toleo la 1838 liko Munich, na lile la 1853, lililowekwa kwenye kadi yetu, liko Louvre, Paris. Ni dogo, halizidi sana karatasi ya kawaida ya kuchapia barua. (Ile nyingine inayosambaa zaidi mtandaoni, mwanamke anaelea chali katikati ya majani ya kijani, ni ya John Everett Millais wa Uingereza, 1851 hadi 1852, na kundi lake lilikuwa jingine. Hiyo nayo huitwa ya kilimbwende kila wiki, lakini leo nina ugomvi mmoja tu.)

Ophelia ni binti katika Hamlet, tamthilia ya Mwingereza Shakespeare. Hamlet, mwana wa mfalme aliyempenda, amemkana, kisha amemuua baba wa binti huyo. Akili ya binti imeruka. Watu husema Delacroix alichora onyesho la tamthilia. Ukienda kwenye tamthilia, onyesho hilo halipo. Katika sehemu ya nne, onyesho la saba, Malkia Gertrude anaingia na kusimulia: kuna mti umeinamia kijito, binti alipanda kutundika mashada ya maua, kijitawi kikavunjika, nguo zikatanda juu ya maji zikambeba kitambo huku akiimba vipande vya nyimbo za zamani, kama mtu asiyejua kwamba yuko hatarini, kisha nguo zikalewa maji zikamvuta kwenye tope. Hakuna mtazamaji aliyemwona akianguka. Tunasikia tu.

Hapo ndipo ulimbwende ulipo. Jadi ya tamthilia ya Ufaransa ilikuwa na masharti: tukio moja, mahali pamoja, ndani ya siku moja, na vifo visitendeke mbele ya macho, visimuliwe. Shakespeare alizivunja hizo karibu zote. Waigizaji wa Kiingereza walipopeleka tamthilia zake Paris mwaka 1822 walizomewa. Mwandishi Mfaransa Stendhal akatoa kijitabu mwaka uliofuata kumtetea Shakespeare dhidi ya kanuni. Waingereza waliporudi mwaka 1827 katika ukumbi wa Odéon, wakiwa na Charles Kemble kama Hamlet na Harriet Smithson kama Ophelia, mji ulipagawa. Delacroix alikuwa amekwisha onja: mwaka 1825 alikwenda London na kumwona Edmund Kean, mwigizaji maarufu wa Shakespeare, jukwaani. Na kifo cha Ophelia, kwa bahati, ni sehemu mojawapo ambapo Shakespeare mwenyewe aliifuata kanuni ile ya kusimulia. Mchoraji akaivunja kwa niaba yake.

Tena akabadilisha jambo. Kwa Malkia, tawi limevunjika na binti hapambani. Kwa Delacroix mkono umeshika tawi bado. Utazame mkono huo: mwili umeshalala kwa maji, gauni limelegea, kichwa kimeinama kama cha mtu anayesinzia, lakini vidole havijaachia. Mkono wa pili nao umeng'ang'ania maua ambayo hayatamsaidia kitu. Kilichochorwa ni ile nukta kati ya kushika na kuachia, akili ikiwa imeshatangulia. Mpenzi hayumo pichani. Hamlet hayumo.

Mapenzi kama unayataka yalikuwa ukumbini: kijana Hector Berlioz, mtunzi wa muziki, alimwona Smithson akiwa Ophelia, akaugua kwa kumtamani, akamwoa mwaka 1833, na ndoa ikawashinda. Hata hiyo nisingeiweka kwenye kadi.

Kwa hiyo, kwa upole kabisa: picha ya busu iliyochorwa jana kwa ajili ya siku ya wapendanao ni ya kimahaba na si ya kilimbwende. Dhoruba, mwendawazimu, gofu lenye mwezi, vikichorwa na watu wa mkondo ule, ni vya kilimbwende na huenda visiwe na chembe ya mahaba. Delacroix mwenyewe hakulipenda jina hilo. Inasimuliwa kwamba alipofananishwa na Victor Hugo, mwandishi kinara wa ulimbwende Ufaransa, alijibu kuwa yeye ni mfuasi halisi wa jadi ya kale.

Katibu nilimwandikia pembeni, si kwenye kundi. Nikampongeza kwa kazi, nikamwambia kadi ni nzuri ila mwanamke yule yuko dakika zake za mwisho. Akajibu baada ya saa nzima: "Shikamoo kaka. Kumbe! Mimi nilijua anaoga. Basi naweka maua matupu." Nikamwambia marahaba, maua yanatosha.