Mbwa Mwenye Kifafa Si Lazima Awe na Kichaa
Imani iliyoenea ni kwamba mbwa anayeanguka, kutetemeka na kutoa povu mdomoni ana kichaa cha mbwa, na hivyo hafai kuletwa nyumbani. Hofu hiyo ina msingi, kwani kichaa huua, na povu ni mojawapo ya dalili zake. Hata hivyo, mbwa pia hupata kifafa, ugonjwa usioambukiza, na inasikitisha kuona mbwa mpole akikaa katika kituo cha kutunza mbwa wasio na wenyewe bila wa kumchukua kwa sababu hiyo tu.

Tofauti kubwa huonekana degedege likishapita. Mwenye kifafa huyumbayumba kwa muda, hunywa maji, kisha hurudia hali yake ya kawaida. Mwenye kichaa huzidi kudhoofika, na kwa kawaida hufa ndani ya siku 10 tangu dalili zianze. Kifafa mara nyingi hudhibitiwa kwa vidonge kama fenobabitali, ambavyo aghalabu hutolewa kila baada ya saa 12, pengine maisha yote, na kuvikatiza ghafla ni hatari.

Anayetaka kumchukua mbwa huyo aombe kadi ya chanjo, kumbukumbu za degedege na maelezo ya daktari wa mifugo, kisha apige hesabu ya dawa na vipimo vya damu. Degedege likizidi dakika 5, mbwa apelekwe kwa daktari mara moja, wala asitiwe mkono mdomoni. Akimuuma mtu, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, na aliyeumwa aende hospitali hata kama mbwa amechanjwa.