Maji ya Sukari Hayalei Majana

Kila kiangazi wafugaji hunipigia simu na malalamiko yaleyale: nyuki wamedhoofu, wamepewa maji ya sukari, mbona hawaongezeki? Nami huwauliza: chavua, ule unga wa maua, wanaipata wapi?

Mbochi, yale maji matamu ya maua, ni sukari. Humpa nyuki nguvu ya kuruka na ya kupasha mzinga joto. Protini na mafuta hutoka kwenye chavua. Walaji wake wakubwa ni nyuki walezi, wale vijana ambao bado hawajaanza kutoka nje. Tezi za kichwani mwao hutengeneza maziwa wanayomlisha malkia na majana, yaani watoto wa nyuki. Chavua ikikatika, tezi hizo husinyaa, malkia hupunguza kutaga, na walezi huanza kuyala majana machanga.

Wala si kila chavua inatosha. Nyuki anahitaji amino asidi (vijenzi vya protini) 10 ambazo mwili wake hauwezi kujitengenezea, na kila mmea una mgawo wake. Mahindi humwaga chavua tele, lakini lishe yake ni hafifu, na mbochi hayana kabisa. Mikaratusi hujaza asali vizuri, ila chavua yake ina upungufu wa isolusini, mojawapo ya hizo 10. Ndiyo maana simshauri mtu kuweka mizinga yake yote katikati ya shamba la miti ya aina moja, hata asali iwe nyingi vipi.

Ua la nyanya nalo halina mbochi, na chavua yake imefungiwa ndani ya vifuko vyenye matundu madogo nchani. Nyuki wa asali hawezi kuitikisa itoke. Nyuki weusi wakubwa wanaotoboa mbao wanaweza: hulikumbatia ua, hutetemesha misuli ya mabawa, na unga humwagika tumboni mwao. Simama shambani asubuhi utausikia mvumo wake.

Nzi wa maua, wenye mistari kama nyigu, hunywa mbochi pia, lakini jike asipokula chavua mayai yake hayakomai. Wakulima wengi huwafukuza, ilhali mabuu ya spishi nyingi hula vidukari, wale wadudu wadogo wanaofyonza mimea! Waachieni kishonanguo pembezoni mwa shamba.

Kabla ya kununua sukari, fungua mzinga utazame vyumba vya masega vinavyozunguka majana. Ukiona chavua ya njano, ya chungwa, ya kijivu na nyeupe, wanakula vizuri. Ukikuta rangi moja tu, au vyumba vitupu, tafuta mahali pengine pa kuuweka mzinga.