Gego la Miaka Sita: Mtoto Aonwe Mapema, Kabla Hatujazungumzia Waya za Meno

Mtoto anapokaribia miaka 6, gego kubwa huota nyuma kabisa ya meno yake ya utoto: moja kila upande, juu na chini. Hakuna jino linalong'oka ili kulipisha, kwa hiyo nyumbani hakuna anayelishangilia wala kulikagua. Ndiyo maana wazazi wengi wanaomleta mtoto gego hilo likiwa limeshatoboka hutuambia, "Daktari, ling'oe tu, si litaota jingine?" Halitaota. Ni jino la kudumu, la kwanza kabisa kati ya magego ya kudumu, na mtoto anatakiwa kuzeeka nalo.

Sisi tunaoshughulika na tiba ya kupanga meno tunalitazama gego hilo kabla ya kutazama meno ya mbele. Mwaka 1899 daktari wa meno Mmarekani, Edward Angle, alipendekeza namna ya kuyagawa makundi ya meno yasiyokutana vizuri kwa kuangalia jinsi gego la kwanza la juu linavyoliangukia la chini. Zaidi ya karne imepita, vifaa vimebadilika, lakini mgawanyo ule bado tunaufundisha na kuutumia. Gego hilo likipotea mapema, la nyuma yake linapoota karibu na miaka 12 hulalia pengo, lile lililokuwa likikutana nalo kwenye taya la pili huanza kushuka au kupanda kutafuta mwenzake, na utafunaji wote huyumba. Kulisimamisha tena gego lililolala ni kazi ya miezi mingi. Kuziba tundu lilipokuwa dogo ni kazi ya kukaa kitini mara moja.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2009, uliofanyika kwa wanafunzi 1,601 wa miaka 12 hadi 14 katika wilaya za Kinondoni na Temeke, Dar es Salaam, ulionyesha kuwa takriban 64 kati ya kila 100 walikuwa na angalau kasoro moja ya mpangilio wa meno. Nyingi zilikuwa ndogo, zisizohitaji tiba. Kilichonigusa zaidi ni jingine: utafiti huo ulikuta uhusiano kati ya meno kuoza na baadhi ya kasoro hizo. Kuoza na kupinda si mambo mawili ya watu wawili tofauti. Mara nyingi la kwanza huleta la pili.

Jino la utoto lina kazi ya kutafuna, na pia kazi ya kuishika nafasi. Chini ya kila gego la utoto jino la kudumu linajengwa, na litahitaji mahali pa kutokea kati ya miaka 10 na 12. Gego la utoto likioza likang'olewa mtoto akiwa na miaka 5, majirani husogea, nafasi hufinywa, na jino la kudumu linapofika hutokea pembeni, hupanda juu ya wenzake, au hubaki limenasa ndani ya mfupa. Kwa hiyo kauli ya "ni ya utoto tu, yataanguka" inawagharimu watoto wetu. Ikiwa ni lazima kung'oa mapema, muulize daktari au tabibu wa meno kuhusu kifaa kidogo cha kutunza nafasi. Hakiumizi, na kinaweza kumwepusha mtoto na waya baadaye.

Kuna jambo jingine ambalo siwezi kulipita haraka, nalo ni kinachoitwa meno ya nailoni, au meno ya plastiki. Mtoto wa miezi michache anaharisha, ana homa, hanyonyi vizuri. Mtu anamfunua kinywa, anaona ufizi umevimba na kuwa mweupe sehemu ya chonge, anasema hayo ndiyo meno yanayomuua mtoto. Kisha ufizi unachanwa, mara nyingi kwa chombo kisichosafishwa ipasavyo na bila ganzi, na kinachotolewa ni kichipukizi cha jino la kawaida ambalo halijakomaa. Watafiti wa meno nchini waliandika kuhusu jambo hili tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakaeleza pia madhara yanayobaki: chonge za utoto hazipo, chonge za kudumu zimelemaa au hazikuota, na meno ya jirani yana gamba (tabaka gumu la nje la jino) lenye kasoro. Hayo ni kwa mtoto aliyenusurika. Kidonda kile kinaweza kuleta damu nyingi, pepopunda, na maambukizi kwenye damu.

Uvimbe ule ufizini ni chonge inayojiandaa, na kila mtoto mzima anao. Homa na kuharisha vina sababu zake: malaria, maji machafu, maambukizi ya tumbo au ya kifua. Mama anayempeleka mtoto kwa mganga si mama mbaya. Ana hofu, na aliyemshauri mara nyingi ni bibi au jirani anayempenda mtoto yule. Ninachomwomba ni aanzie zahanati, apewe maji ya chumvichumvi na vidonge vya zinki kwa ajili ya kuharisha, mtoto apimwe malaria, aendelee kunyonyeshwa. Na wauguzi wa kliniki ya mama na mtoto wakiwaeleza wazazi habari hii mapema, kabla mtoto hajafikisha miezi 4, wataokoa meno na maisha.

Sasa tuje kwenye waya zenyewe. Wengi hudhani waya unalivuta jino kwa nguvu mpaka likae sawa. Sivyo. Kati ya mzizi wa jino na mfupa kuna utando mwembamba wa nyuzi, kama robo ya milimita. Nguvu ndogo isiyokoma inapolisukuma jino, upande unaobanwa huletewa seli zinazomega mfupa, na upande unaovutwa huletewa seli zinazoujenga upya. Msweden Carl Sandstedt alichunguza mabadiliko haya kwa mbwa na kuyaeleza mwanzoni mwa karne ya 20, na uelewa wetu umejengwa juu ya msingi huo. Jino kwa kawaida husogea kama milimita moja kwa mwezi. Nguvu ikizidi, jino haliongezi mwendo. Utando hukosa damu, maumivu huongezeka, na ncha ya mzizi inaweza kuliwa. Ndiyo sababu tiba kamili ya waya mara nyingi huchukua mwaka mmoja na nusu hadi miwili, na wengine zaidi.

Njia ziko kadhaa, na hakuna iliyo bora kwa kila mtu. Waya ambazo mgonjwa hazivui mwenyewe, zenye vishikizo vidogo vilivyogandishwa kwenye kila jino, bado ndizo zinazotupa uwezo mkubwa wa kuligeuza, kulipandisha na kulisimamisha jino. Siku hizi waya wa mwanzo huwa wa mchanganyiko wa nikeli na titani, madini yanayokumbuka umbo lake na kusukuma polepole kwa wiki nyingi. Vifaa vya kuvaa na kuvua hufaa kwa kasoro chache za mtoto, kwa mfano jino moja la juu linalofungia nyuma ya la chini. Vifuniko vya plastiki angavu vinavyobadilishwa kila baada ya wiki moja au mbili vinafanya kazi kwa wengi, ila vinadai kuvaliwa takriban saa 20 hadi 22 kwa siku, na mtu anayevisahau kwenye mkoba hapotezi fedha tu, anapoteza na muda. Pale taya zenyewe zimekua bila kulingana na mtu ameshakuwa mkubwa, waya pekee haitoshi. Upasuaji wa taya huingia.

Niliposema mtoto aonwe mapema, sikusema afungwe waya mapema. Chama cha madaktari wa kupanga meno cha Marekani kinashauri uchunguzi wa kwanza usipite miaka 7, nami nakubaliana nao, kwa sababu umri huo magego ya kwanza na meno kadhaa ya mbele ya kudumu yameshatoka na tunaweza kusoma yanayokuja. Lakini ushahidi unatuzuia tusiwe na pupa. Mapitio ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaokusanya na kupima tafiti za tiba, kuhusu watoto wenye meno ya juu yaliyochomoza, ya mwaka 2013 na yaliyosasishwa 2018, yalionyesha kuwa kuanza tiba utotoni kunapunguza uwezekano wa kuvunjika meno ya mbele, ila kwa mengine matokeo ya mwisho hayana tofauti kubwa na ya aliyesubiri hadi ujana. Kwa mtoto anayecheza mpira kila jioni na meno yake yamechomoza sana, faida hiyo moja inaweza kutosha kuanza. Kwa mwingine, tutasubiri. Taya la juu lililo jembamba hatulisubirishi: mshono wa katikati ya kaakaa bado unapanuka kwa urahisi kabla ya ujana kukomaa, na baada ya hapo kazi huwa ngumu.

Na mwanya wa mbele? Kwa wengi wetu ni urembo. Kama fizi ni nzima na mtu anatafuna vizuri, sioni sababu ya kuuziba kwa kuwa tu tangazo limesema.

Huku kwetu kanda ya kati kuna suala la maji, na linaingia moja kwa moja kwenye tiba hii. Maeneo kadhaa ya Singida, kama ilivyo Arusha, Manyara na Shinyanga, yana visima vyenye floraidi nyingi kutoka kwenye miamba. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Mtoto akinywa maji yenye kiwango cha juu zaidi katika miaka yake kama 8 ya kwanza, wakati gamba la meno linajengwa, meno hutoka na mabaka meupe, ya njano au ya kahawia. Magadi ya kupikia kutoka baadhi ya maeneo ya Bonde la Ufa nayo huweza kuwa na floraidi nyingi, na nani asiyejua jinsi mlenda unavyopikwa kwetu? Kuchemsha maji hakuiondoi. Maji yakipungua sufuriani, floraidi inabaki na kuwa nzito zaidi. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, Arusha, kimefanya kazi kwa miaka mingi na mkaa wa mifupa, unaoichuja floraidi. Kwa nyumba nyingi, jambo jepesi zaidi ni kuvuna maji ya mvua kwa ajili ya kunywa na kupikia chakula cha mtoto mdogo, hata kama kisima kitatumika kwa mengine.

Kwenye kiti cha daktari, gamba lililoathirika hivyo halikubali asidi ya kugandishia vishikizo kama gamba la kawaida. Vishikizo hubanduka, miadi huongezeka, gharama hupanda. Kwa hiyo mwambie daktari wako umekulia wapi na ulikunywa maji gani. Ataandaa jino kwa namna tofauti tangu siku ya kwanza. Hili ni eneo ambalo ningependa kuona vijana wetu wa vyuo vya Dodoma wakilifanyia utafiti hapa hapa, kwa sababu maswali ya meno yenye floraidi nyingi tunayo sisi, mikononi mwetu, kila wiki.

Aliyefunga waya anahitaji usafi kuliko wakati mwingine wowote. Ukoga hujificha kuzunguka kishikizo, na ndani ya wiki chache tu unaweza kuacha alama nyeupe ambayo ni mwanzo wa kuoza. Mswaki asubuhi na kabla ya kulala, ikiwezekana na baada ya mlo wa mchana, kwa dawa ya meno yenye floraidi. Wapo wanaoniuliza kwa nini nashauri floraidi wakati nimetoka kuilaumu. Ya kwenye maji humezwa na kuingia kwenye jino linalojengwa. Ya kwenye mswaki hulinda juu ya jino lililokwisha kuota, kisha hutemwa. Mtoto wa chini ya miaka 3 apewe kiasi cha punje ya mchele tu, na mkubwa wake amswakie.

Chakula: ubuyu ndio unaotuletea kazi zaidi ya kingine chochote Dodoma. Ule wa sukari hunata, una uchachu, na kokwa zake huvunja vishikizo. Unga wake uliokorogwa kuwa juisi ni salama zaidi. Karanga zipondwe ziwe kwenye mboga, mahindi ya kuchoma yapukuchuliwe, muwa uachwe mpaka waya zitoke.

Vifaa vinavyonadiwa kuwa vinaharakisha tiba kwa mtetemo havijathibitishwa vya kutosha kunifanya niwashauri mtoe fedha. Waya za urembo zinazofungwa saluni mkimbieni kabisa: waya ni waya, na ukisukuma jino bila picha ya eksirei na bila mpango, jino litasogea popote.

Waya zikitolewa, nyuzi zinazolizunguka jino hutaka kulirudisha lilikotoka. Hivyo kila mgonjwa huvaa kifaa cha kushikilia, wengi huita riteina, kwanza muda wote kwa kadiri atakavyoelekezwa, kisha usiku, kwa miaka. Sehemu hii ndiyo watu wengi huiacha, halafu hurudi baada ya miaka miwili wakidhani tiba ilikuwa mbovu.

Ushauri wa mwisho kwa wanaotoka mbali, Kondoa, Mpwapwa, Manyoni au Iramba: kabla ya kukubali waya, pigeni hesabu ya nauli. Miadi huwa kila wiki 4 hadi 8 kwa miaka karibu miwili, na waya iliyoachwa bila kuangaliwa huendelea kusukuma. Kama mwanafunzi yuko bweni, leteni ratiba ya likizo siku ya kwanza ili tupange naye. Kama safari hazitawezekana mwaka huu, tusianze mwaka huu; tuzibe matundu, tusafishe fizi, tulinde yale magego ya miaka 6, na mtoto aendelee kuonwa na tabibu wa meno wa kituo cha karibu hadi nafasi ipatikane.